Kitufe cha Pima Afya

Nimeishi na kompyuta miaka mingi kuliko niliyoishi na mke wangu, na mke wangu hupenda kuniambia kwamba inaonekana. Nilidhani hakuna kitu ndani ya mashine hizo ambacho bado kingenitoa jasho. Virusi nimevipiga vita, panya wametafuna waya mbele ya macho yangu, na mwalimu mmoja aliwahi kumwagia kibodi uji wa wimbi kisha akanipigia simu akidai kompyuta imejizima yenyewe. Hayo yote niliyacheka. Lakini kuna kitufe kidogo cha kijani kilichoandikwa Pima Afya, ambacho nimekibonyeza kwa kidole changu katika ofisi nyingi za Kisii na Nyamira, na kitufe hicho kilikaribia kumvua mama mkwe wangu jina lake. Mpaka leo nikikikumbuka nashangaa upya.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina duka dogo Mosocho, ng'ambo ya barabara kutoka kwa wauza ndizi, na nikiitwa shuleni au kwenye zahanati huenda. Shule moja ninayoihudumia ni ya wasichana, upande wa Nyamira, katikati ya mashamba ya chai. Karani wa shule hiyo ndiye mama mzazi wa mke wangu. Nilianza kwenda pale kama fundi tu. Binti yake nilimwona baadaye, siku aliyomletea mama yake mwavuli. Mambo yalikuwa rahisi mpaka mahari ilipopokelewa. Kuanzia hapo ofisi ile ikawa taabu tupu.

Sisi Abagusii tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni adabu ya kuoneana haya baina ya mtu na wakwe zake. Mama mkwe humshiki mkono, hubanani naye mahali padogo, huingii chumbani kwake, na mambo ya aibu hamyazungumzi kabisa. Vijana wa mjini wanacheka, na wengi wameacha. Mama mkwe wangu hakuacha. Ni shemasi kanisani, Msabato wa tangu utotoni, na ofisi yake ni chumba kilichokuwa stoo ya majembe: meza, kabati na kiti kimoja. Fundi akiketi, karani anabaki amebanwa ukutani.

Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Nikifika nabisha, nasimama mlangoni, namsalimu nikitazama kalenda. Yeye anaitikia akitazama printa. Halafu anachukua kikombe chake cha chai na kwenda kusimama juani karibu na jikoni ya shule mpaka nimalize. Kalenda ile na printa ile zimepokea heshima nyingi kuliko wazee wengi ninaowajua.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na milango mitatu ya kuingilia. Mmoja wa karani, ambamo mitihani yote ilifungiwa kabla ya kuchapwa. Wa pili wa walimu, ambao kila mwalimu aliutumia kuandika maswali yake, na humo hungeweza kuona chochote cha karani. Wa tatu ulikuwa wa msimamizi, ambaye anaona kila kitu na kubadilisha kila kitu. Huo ulikuwa wangu. Lakini kila mara mashine ilipotaka jambo dogo, iliuliza nenosiri la msimamizi, na mimi nikatoka Mosocho kwa ajili ya kuandika neno moja huku mama mkwe akipigwa na jua. Nikaamua kumpa nenosiri hilo na yeye.

Fundi mwingine angesimama karibu na karani akamnong'oneza. Mimi nimnong'oneze mama mkwe? Nilimtuma mke wangu. Alilikariri jikoni kwetu, akaenda kwao Birongo, akamwambia mama yake, na aliporudi alikuwa ameshalisahau.

"Nyinyi wawili mmenifanya waya," aliniambia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba duniani kote watu waliolijua neno lile walikuwa wawili tu, na hao wawili hawakuweza kutazamana usoni.

Muhula wa pili, wiki moja kabla ya mtihani wa mwigo, mzazi mmoja alimletea mwalimu mkuu karatasi ya hesabu. Aliipata kwenye kibanda cha fotokopi Daraja Mbili, ikitolewa nakala kama tangazo la mazishi. Ilikuwa karatasi ya shule yetu. Hata kosa la chapa katika swali la kwanza, ambalo karani alikuwa hajalisahihisha, lilikuwamo.

Mwalimu mkuu aliniita siku hiyo hiyo. Ni mama kutoka Taita, mwenye Kiswahili cha upole ambacho hakipandi hata akikasirika, na hicho ndicho kinachotisha. Tulikutana katika ile stoo. Mimi niliketi kwenye kompyuta, yeye akasimama nyuma yangu, mama mkwe akasimama karibu na kabati akitazama sakafu. Nilifungua kumbukumbu ambazo mashine hujiwekea. Folda ya mitihani ilikuwa imefunguliwa Ijumaa iliyopita, mchana. Si kwa jina la karani. Si kwa jina la walimu. Mashine iliandika kwamba aliyeifungua alitumia mamlaka ya msimamizi.

"Msimamizi ni nani?" mwalimu mkuu akauliza.

"Ni mimi, mwalimu."

"Ni wewe peke yako?"

 Ijumaa ile mimi nilikuwapo shuleni. Nilikuja kutoa karatasi iliyokwama kwenye printa. Kabla sijapata la kusema, mama mkwe akajibu kutoka kwenye kabati.

"Hata mimi niko na hiyo nenosiri."

"Basi ni nani aliyefungua, mama?"

Nilingoja aseme hajui. Nilikuwa na hakika atasema hajui, nami ningesema sijui, na tungeanza kutafuta.

"Andika mimi," alisema. "Fundi hana makosa."

Mwalimu mkuu alimtazama muda mrefu. "Mama, unaelewa unalolisema?"

"Nimeelewa."

Akachukua kikombe chake, akatoka kwenda juani kama kawaida yake. Kikombe kilikuwa kitupu. Nilikiona.

 Mwalimu mkuu naye alikaa kwenye ukingo wa meza akisema taratibu, "Kikulacho ki nguoni mwako," halafu akaniambia kwamba hana la kufanya ila kulipeleka jambo hilo kwa bodi Jumanne. Mtu aliyekiri kuvujisha mtihani haendi nyumbani na barua ya shukrani. Angefukuzwa akiwa amebakiza muda mfupi tu astaafu, na kanisani wangemvua ushemasi kabla habari haijafika Keroka.

Nilijaribu kumwona mama yule akiiba mtihani, nikashindwa. Huyu ndiye aliyewahi kurudi soko la Birongo kwa miguu kumrudishia muuzaji parachichi lililoingia kikapuni kwa bahati mbaya. Lakini amesema mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele yangu. Na kumuuliza singeweza. Unamuulizaje mama mkwe kama yeye ni mwizi? Lugha yetu, Ekegusii, haina hata namna ya kuanza sentensi hiyo.

Mke wangu nilimkuta kwenye kishamba chetu akichuma chai, kikapu kikiwa mgongoni. Nilimweleza pale pale kati ya mistari ya michai. Mikono yake iliendelea kuchuma kwa muda, kisha ikasimama.

"Mama yangu hawezi," alisema. Akanigeukia. "Ni wewe?"

Mimi nina hasira za karibu, sitaki kudanganya. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka nje kuangalia. Kwamba nimeoa mtu gani anayeweza kuniuliza hivyo, kwamba nimetengeneza kompyuta za watu tangu ujana wangu na sijawahi kuchukua hata waya. Alinisubiri nimalize. Alishusha kikapu, akafuta mikono kwa leso, akasema anaenda kwa mama yake.

Alirudi kabla ya jua kutua. Aliketi kwenye ngazi ya mlango bila kuvua sweta wala kuweka chini mkoba.

"Amesema usijali."

"Nisijali nini?"

"Amesema yeye watoto wake wameshakua. Wewe uko na hawa wadogo, na fundi akiitwa mwizi hakuna shule itamfungulia mlango tena." Alivuta mkoba magotini. "Amesema hajakukasirikia. Ati kila mtu hujikwaa."

Nilihitaji muda kuelewa nilichoambiwa. Nilikaa chini, kwenye udongo wenyewe. Mama mkwe wangu aliamini kwamba mwizi ni mimi! Alisimama pale karibu na kabati, akafanya hesabu yake: wenye nenosiri ni wawili, mimi siye, basi ni mume wa binti yangu. Na badala ya kuniuliza, jambo ambalo adabu haikumruhusu, alijitwika mzigo. Nilitaka kulia na nilitaka kugombana naye, vyote kwa wakati mmoja. Mimi mwizi!

Ni mke wangu aliyesema kilichokuwa wazi. "Kama yeye anakuficha wewe, basi yeye hakufanya. Na kama wewe unapiga kelele hivi, hukufanya. Sasa ni nani?"

Hapo nikaelewa. Mashine haikusema ni yeye. Haikusema ni mimi. Ilisema ni mamlaka ya msimamizi, na sisi wote wanne, pamoja na mwalimu mkuu mwenye shahada zake, tukaruka moja kwa moja kutoka kwenye mamlaka hadi kwa mtu. Kulikuwa na mwingine mwenye mamlaka yale, na hakuwa na jina.

Jumapili mchana mwalimu mkuu alinifungulia ofisi. Alijiwekea kiti uwanjani chini ya ukuta, akawa anasahihisha madaftari. Mimi niliingia kwenye kompyuta kwa mlango wa walimu, nikajifanya mwalimu mwenye nia mbaya. Nilijaribu folda ya karani moja kwa moja: nikakataliwa. Nilizunguka hapa, nikapenyeza pale, nikatumia kila hila ninayoijua na nyingine ninazosikia kwa vijana. Mashine ilinikatalia kwa adabu kila mara. Nilianza kuvunjika moyo. Kama kufuli ni imara hivi, basi ni mimi au ni mama, na Jumanne iko karibu.

Mashine ikaanza kuzembea, kwa sababu ya misukosuko niliyoipa. Na bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna, nikabonyeza Pima Afya.

Niieleze programu hiyo. Ilikuja na kompyuta kutoka kiwandani. Kazi yake ni kupima kama diski ni nzima, kama joto limezidi, kama kuna kitu kimevunjika ndani. Kila mtu anaruhusiwa kuibonyeza, hata mwalimu, kwa sababu kupima afya si dhambi. Lakini ili ione kila kona, watengenezaji waliipa mamlaka ya juu kabisa. Daktari hawezi kutibu anachofichwa. Hata kwetu, muuguzi akija kumwona mama mgonjwa, chinsoni hujiweka kando na mlango wa ndani ukafunguliwa. Hiyo ilikuwa akili yao na siipingi.

Ilimaliza kupima. Ikaniambia kompyuta ina afya njema, ikauliza kama nataka kuhifadhi ripoti. Nikakubali. Kikafunguka kidirisha cha kawaida kabisa, kile ambacho umekiona mara nyingi, kikiniuliza: uihifadhi wapi?

Nikatazama ndani ya kidirisha. Kulikuwa na folda za walimu. Na chini yake kulikuwa na folda za karani.

Nilidhani naona vibaya. Niliibofya moja, nikingoja kukataliwa. Ikafunguka. Nikabofya iliyoandikwa Mitihani. Ikafunguka. Karatasi ya hesabu ilikuwa imelala pale na kosa lake la chapa. Nikainakili, nikaibandika upande wa walimu, ikakaa. Hakuna aliyeniuliza nenosiri. Hakuna aliyeniuliza hata habari za mchana.

 Nilifunga kila kitu, nikaanza upya, nikarudia. Ikafunguka tena. Programu ilikuwa na mamlaka ya msimamizi, na kidirisha kidogo ilichokizaa kilirithi mamlaka hayo hayo. Tulimfungulia daktari mlango wa chumba cha ndani, na hakuna aliyemtazama mtu aliyembebea mkoba. Nilifungua kumbukumbu za mashine. Zilikuwa zimeandika, kwa utulivu, kwamba folda ya mitihani imefunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi.

Nilimwita mwalimu mkuu kwa sauti ambayo baadaye aliniambia alidhani nimepigwa na umeme. Sikumweleza. Nilimwachia kiti, nikamwambia aingie kama mwalimu, abonyeze Pima Afya, ahifadhi ripoti. Alifanya mwenyewe, kwa kidole kimoja. Alipoiona karatasi ya hesabu alisimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Lakini huyu si ndiye daktari wake?"

"Ndiye."

"Na nani aliyempa ruhusa ya kufungua?"

"Hakuna, mwalimu. Alizaliwa nayo."

Aliinua kiti. Kisha akasema, "Mganga hajigangi," na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ilipanda. "Na mimi nilikuwa nimeshaandaa kumfukuza yule mama!"

Jumatatu asubuhi aliwauliza walimu katika chumba cha walimu ni nani aliyetumia Pima Afya Ijumaa ile. Kijana mmoja wa fizikia, anayefundisha masomo ya ziada Mosocho, aliinua mkono kabla swali halijaisha. Hakuwa na uso wa jambazi. "Lakini mimi sikuvunja kitu, madam," alisema. "Mashine ilikuwa inazubaa, nikabonyeza, ikafunguka tu. Ni ukweli nilipiga kopi, nikawapa wale wa masomo ya ziada. Lakini ilijifungua." Nilipoambiwa maneno hayo nilikasirika, halafu nikashtuka kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Alihukumiwa na bodi kwa yale aliyoyafanya, na hiyo ni habari yake.

Yangu ilikuwa kuzunguka. Niliwaza kila mahali nilipowahi kuiacha programu ile. Zahanati iliyo na majina ya wagonjwa na magonjwa yao. Ofisi ya wakulima. Shule nyingine. Kila mahali nilijifanya mtu wa kawaida, nikabonyeza, nikahifadhi ripoti, na kila mahali mlango ulifunguka huku wenye ofisi wakiniletea chai. Niliitoa kila mahali. Niliwaandikia watengenezaji. Walinishukuru kwa Kiingereza kizuri, na baada ya muda likaja toleo jipya lenye mstari mmoja usemao wameboresha uthabiti. Uthabiti! Mama wa watu alikuwa amebakiza siku moja.

Lakini nimeruka mbele. Jumatatu ile ile, kabla ya kuzunguka popote, kulikuwa na mtu wa kuambiwa. Mke wangu alikuwa tayari kwenda Birongo kama waya. Nikamwambia safari hii naenda mwenyewe, ofisini kwake shuleni.

Nilibisha, nikasimama mlangoni, nikaitazama kalenda. Yeye alikuwa anaitazama printa.

"Mama, si wewe," nilisema. "Na si mimi. Ni ile programu ya kupima afya. Iliwafungulia watu mlango."

 Nilisikia wasichana wakicheza mpira wa wavu nje.

"Si wewe?" aliuliza.

"Si mimi, mama."

Nilisikia pumzi ikimtoka, ndefu, kana kwamba ameishikilia tangu wiki iliyopita. Nikashindwa kujizuia, hasira zangu ni za karibu, nimeshasema.

"Kwa nini hukuniuliza? Hata kwa kumtuma binti yako?"

"Ningekuuliza," alisema, "ungeniambia ukweli. Na mimi nilikuwa naogopa ukweli huo. Afadhali nisijue, nibebe tu."

 Mwanamke huyu aliamini kwa moyo wote kwamba mimi ni mwizi, na bado akanipa jina lake nijifunike nalo. Nilitazama kalenda mpaka tarehe zikachanganyikana.

Nilimwambia kilichobaki, kwa sababu kazi ni kazi. Kwamba programu nimeiondoa na nenosiri la msimamizi nimelibadilisha. Kwamba hilo jipya sitampa. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba ni kwa ajili yake: kama asingekuwa na lile la kwanza, hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Litabaki kwangu peke yangu. Jambo likitokea tena, wataniuliza mimi.

Alichukua kikombe chake, akasogea hadi karibu na mlango ili atoke kwenda juani. Nilimpisha. Lakini hakutoka. Alisimama pale kwenye kizingiti, uso wake ukitazama jikoni ya shule, na wangu ukitazama ukuta.

"Nipe," alisema.

"Mama, nimekueleza sababu."

"Nimesikia. Nipe. Siku nyingine wakitafuta mtu, wasikupate peke yako. Tuwe wawili."

Nililisema pale pale mlangoni, kwa sauti ya chini, bila kumtuma mtu yeyote.